Mzuri na Mwema

Ukisimama robo saa tu katika soko la Tandika, mwezi wa Desemba maembe yanapofurika, utalisikia neno moja mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Embe nzuri hizi! Nyanya nzuri! Mama, tazama vitenge vizuri! Kila kitu pale ni kizuri, hata samaki ambaye pua yako inakupa habari nyingine juu yake. Mimi nimekaa Temeke tangu nilipopangiwa kazi mwaka 1972, nikitoka chuo cha ualimu. Nilifundisha miaka 37, na mingi ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Nilipostaafu mwaka 2009 niliacha ofisi na funguo, lakini ugonjwa wa kusahihisha watu nikaondoka nao. Majuzi nilimwambia kijana muuza maembe, "Mwanangu, sema embe zuri, maembe mazuri." Akanitazama kwa huruma, akanichagulia moja lililoiva, akasema, "Shikamoo mzee wangu. Ila utamu wake ni uleule."

Nikalinunua. Lilikuwa zuri kweli.

Nataka kulizungumza neno hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tunalitumia mno bila kulitazama, kama mtu apitaye kila siku mbele ya nyumba asijue milango yake mingapi. Ya pili nitaifikia baadaye, maana ina aibu ndani yake, na mzee hupenda kuzunguka kidogo kabla ya kuifikia aibu yake.

Tuanze na sarufi, kwa kuwa ndiyo iliyonilisha. Kiswahili kina sifa za namna mbili. Zipo zinazokaa kimya, hazibadiliki: safi, ghali, hodari, rahisi, maridadi. Mtu safi, kiti safi, nyumba safi. Nyingi katika hizo tumezipokea kutoka kwa Waarabu na majirani wengine wa bahari, na kama wageni wenye heshima zao, hazikukubali kuvua nguo walizokuja nazo. Kisha zipo zinazovaa nguo ya kila nomino inayopita: mtu mzuri, watu wazuri, kiti kizuri, nyumba nzuri, mahali pazuri, kuimba kuzuri. "Zuri" ni ya namna hii. Ni mtoto wa nyumbani, na hana haya kubadilisha shati mara sita kwa siku.

Lakini ajabu ni kwamba ndugu zake wa karibu hawana jina kama lake. Wahaya husema "rungi", Wanyakyusa "nunu", Wagogo "swanu", Wahehe "nofu". Wenyeji wetu hapa, Wazaramo, wana kunoga, ambalo sasa limeingia jikoni mwa kila mtu. Mchuzi ukiwa na ladha kamili tunasema umenoga. Hata vijana wa mitaani, wanapojibu salamu kwa kusema "mswano", mimi husikia ndani yake sauti ya Dodoma. Kila kabila lilikuwa na neno lake la uzuri, na walipokutana Dar es Salaam wakaliacha nyumbani, wakashika hili la pwani.

Na lilikwisha kusafiri zamani kabla yao. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, kisha ikavuka ziwa kwenda Manyema, walibeba mengi zaidi ya nguo na shanga. Mpaka leo Mkongomani wa Lubumbashi hukwambia "muzuri", akiongeza irabu ili ulimi wake upite vizuri. Nchini Kenya, ukimwuliza mtu wa bara "Habari gani?" anaweza kukujibu "Mzuri sana." Nilipolisikia jibu hilo mara ya kwanza, nilidhani bwana yule anaisifu sura yake. Nilitaka kumwambia kwamba habari ni nzuri, haziwezi kuwa mzuri, lakini nilikuwa mgeni, na isitoshe alikuwa amenikirimu chai.

Sasa, neno hili lina mwenzake, "ema". Mtu mwema, watu wema, jambo jema, safari njema, mahali pema. Chuoni tulifundishwa tofauti yao kwa ufupi sana: uzuri ni wa kuonekana, wema ni wa kutendwa. Sura ni nzuri, moyo ni mwema. Mwalimu wetu, mtu mkali aliyevaa suruali iliyopigwa pasi hata siku za bustani, alituandikisha hivyo nasi tukaandika. Tofauti hiyo ina ukweli ndani yake. Hakuna anayesema "usiku mzuri" anapokwenda kulala. Husema usiku mwema. Injili ni Habari Njema. Aliyemwokota majeruhi njiani ni Msamaria mwema, na hakuna aliyewahi kujali sura yake ilikuwaje. Wazee wetu nao waliutilia uzuri mashaka mengi: wakasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wema hawakuufanyia hivyo. Wao waliagiza tenda wema nenda zako.

Hata hivyo ukiwasikiliza watu badala ya madaftari, mpaka huo hauonekani kila mahali. Methali ileile huyu huisema "chema chajiuza, kibaya chajitembeza", na yule "kizuri chajiuza", wala hawagombani. Mzazi akisema "huyu ni mtoto mzuri, nikimtuma anakwenda," hazungumzii pua wala macho. Mama akisikia kikombe kimeanguka jikoni, hupaza sauti, "Vizuri sana! Vunja na sahani!" na mtoto anaelewa kwamba fimbo iko karibu. Mwalimu akisema "kaa vizuri" anataka mgongo unyooke. Na sisi wenyewe tulijaza taarifa za maendeleo ya wanafunzi kwa neno hilohilo: vizuri sana, vizuri, wastani, hafifu. Nimeandika "vizuri" mara nyingi mno katika maisha yangu, aghalabu bila kuinua macho kumtazama mtoto niliyekuwa nikimwandikia.

Mwaka 1979, vita vya Kagera vilipokwisha na sabuni ikaanza kuwa kitu cha kufichwa kabatini, nilikuwa na umri wa miaka 30, nikifundisha Darasa la Nne katika shule moja ya msingi hapa Temeke. Mpango wa elimu kwa watoto wote ulikuwa umejaza madarasa. Nilikuwa na watoto zaidi ya 70, dawati la watu watatu wakikaa watano, na wengine sakafuni. Siku moja niliwapa insha fupi yenye kichwa "Mama yangu". Nikabeba madaftari nyumbani, nikayasahihisha kwa taa ya kandili, kalamu nyekundu mkononi. Kijana anayeshika kalamu nyekundu hujiona ana mamlaka kubwa.

Msichana mmoja aliandika mistari mitano. Wa kwanza ulikuwa: Mama yangu ni mzuri.

Mama yake nilimfahamu. Sote tulimfahamu. Alikaanga mihogo nje ya lango la shule, akaiuza kwa chumvi na pilipili, na walimu tulimnunulia kwa mkopo mwisho wa mwezi ulipokuwa mbali. Alikuwa Mmakonde wa kule Msumbiji, mmoja wa wengi waliovuka Mto Ruvuma katika miaka ya vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964. Wengine walirudi kwao baada ya uhuru wa nchi yao mwaka 1975, yeye alibaki. Usoni alikuwa na chale, mistari iliyopinda na kukutana kuanzia paji la uso hadi kidevuni, ile ambayo Wamakonde huiita nembo. Mdomo wake wa juu ulikuwa umetobolewa tangu utotoni kwa ajili ya ndonya. Ndonya yenyewe alikwisha kuiacha alipofika mjini, ila tundu lilibaki na mdomo ukalegea. Watoto wa mjini walimcheka kwa siri. Wengine hawakujisumbua kufanya siri.

Mimi nilikata neno "mzuri" kwa wino mwekundu. Juu yake nikaandika "mwema".

Msomaji anaweza kusema hilo ni jambo dogo. Ndivyo nilivyosema na mimi usiku ule. Nilijiambia ninafundisha lugha, kwamba mtoto amechanganya uzuri na wema, kama walivyochanganya wengine. Ila madaftari yale yalikuwa zaidi ya 70, na naamini watoto wasiopungua 20 waliandika kwamba mama zao ni wazuri. Kwao nilitia alama ya vema nikaendelea. Jambo hili nililifahamu baadaye sana, na sikulifahamu kwa kuambiwa na mtu.

Kesho yake nilifanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nilisimama mbele ya darasa nikaeleza tofauti ya mzuri na mwema, na kwa mfano nikachukua daftari la mtoto yule. Sikumtaja jina, lakini nilisoma sentensi yake na kusema, "Hapa mwenzenu alitaka kusema mwema." Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama maji. Msichana hakulia. Alilitazama dawati, akaanza kukwangua ubao wake kwa ukucha.

Siku iliyofuata mama yake alikuja. Alikuwa ameacha karai lake kwa jirani, amejifunga khanga safi, na daftari la mtoto amelikunja ndani ya khanga ya pili kama mtu abebaye nyaraka za mahakamani. Nilimpa kiti chini ya mwarobaini, nje ya ofisi ya walimu. Alinisalimu, akanipa pole ya kazi, akaulizia watoto wangu, yote kwa utaratibu wake. Kisha akalifungua daftari.

"Mwalimu, mie sikusoma. Mtoto ameniambia neno hili umelikata. Nimekuja kuuliza lina kosa gani."

Nikamweleza. Nilitumia maneno mengi. Nikasema kwamba wema ni mkubwa kuliko uzuri, kwamba uzuri huchakaa na wema haufi, kwamba kwa kweli nilikuwa nimempandisha daraja. Alinisikiliza mpaka mwisho, asinikatize hata mara moja. Kisha akapitisha kidole kwenye shavu lake, juu ya ile mistari.

"Hizi nilichanjwa nikiwa msichana mdogo," akasema. "Kwa kisu, wakasugua na masizi ya mkaa. Nililala siku nyingi uso umevimba, sili. Mama yangu akawa ananiambia, vumilia mwanangu, ndivyo utakavyokuwa mzuri. Sasa Mwalimu, nilivumilia bure?"

Sikuwa na jibu. Nikarudia lile la wema.

"Hilo la wema anajua Mungu," akasema. "Mtoto aliandika alichokiona."

Akalikunja daftari, akaniaga kwa heshima ileile aliyokuja nayo, akarudi kwenye karai lake. Mchana ule mihogo yake sikwenda kuinunua, wala kesho yake. Ningeweza kulirudisha neno. Ningeweza kusimama tena mbele ya darasa nikasema, "Mwalimu amekosea." Sikusema. Kijana wa miaka 30 mwenye watoto 70 mbele yake anaogopa sana kuonekana amekosea. Anafikiri darasa zima litamponyoka. Nilimweleza mke wangu jambo lile jioni, nikitumaini atanitetea. Akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akaniuliza, "Mwalimu, na mimi ungeniandika nini?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Miaka kama miwili baadaye nilimsindikiza mwalimu mmoja wa Kiholanzi, aliyekuwa amekuja kwa mkataba kufundisha hesabu sekondari, kwenda kwa wachongaji wa vinyago upande wa Kinondoni. Siku hizi watu huenda Mwenge, lakini wale tuliowakuta walikuwa wamekaa chini ya mwembe, maganda ya mpingo yamewazunguka, tezo zinagonga. Mgeni wangu alipita katikati ya mashetani, ya minara ya watu waliobebana, ya tembo wa kuuzia watalii, asisimame. Kisha akasimama mbele ya kichwa cha mwanamke. Kilikuwa na chale usoni, kuanzia paji hadi kidevuni, na ndonya katika mdomo wa juu. Akakiinua kwa mikono miwili akasema, "Mooi." Akarudia, "Mooi, mooi."

Kwa kuwa neno lile hutamkwa sawasawa na jina la Rais wa Kenya wa siku zile, nilishangaa kidogo, nikamwuliza Moi ameingiaje hapa. Akacheka sana. Akanieleza kwamba kwao ndilo neno la uzuri, na kwamba hutumika kama letu, kwa kila kitu: kwa mwanamke, kwa nyumba, kwa jua likitoka baada ya mvua, kwa kazi iliyofanywa sawasawa, na hata kwa kejeli mtu akiharibu jambo. Kaburu nao, akasema, wanalo hilohilo, na huko Afrika Kusini upo mto unaoitwa Mooi, yaani Mto Mzuri. Mimi nilikuwa namsikia nusu nusu. Nilikuwa nakitazama kile kichwa mikononi mwake. Alilipa bila kubishana bei, akakifunga kwenye gazeti, na naamini mpaka leo kiko juu ya kabati mahali fulani Uholanzi, na wageni huambiwa kwamba ni kizuri.

Ule uso niliujua. Ulikuwa ukikaanga mihogo langoni petu.

Tangu siku ile nilianza kutafuta wa kunitetea katika kamusi. Niliitazama ile ya Johnson ya mwaka 1939, na nilipopata Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 niliifungua kwenye herufi Z kabla ya kuisoma A. Zote mbili zilimpa "zuri" nafasi pana, cha kupendeza na pia kilicho chema. Ukuta nilioujenga darasani sikuukuta. Lakini hata kama ningeukuta usingenifaa kitu. Mtoto yule hakuwa amechanganya maneno. Alilijua neno, akalitumia mahali pake. Aliyekosea ni mimi niliyeona sura moja tu kuwa ndiyo yenye haki ya kuitwa hivyo, kisha nikaificha hukumu ile nyuma ya sarufi. Sarufi ni mahali pazuri sana pa kujificha, na nimewaona walimu wengi humo.

Nimejiuliza pia kwa nini neno hili linatuwia zito linapomhusu mtu aliye mbele yetu. Kwa embe tunalitupa ovyo, kwa mwanadamu tunalizunguka. Hapa pwani mtu akivaa akatoka hatumwambii "wewe ni mzuri"; tunamwambia "umependeza". Neno hilo husifu kazi yake ya leo, kujifunga na kujitengeneza, halisemi chochote juu ya kile alichozaliwa nacho. Mtoto mchanga akiletwa kuonwa, husemi ni mzuri mpaka utangulize mashaallah, la sivyo mama yake atakutazama vibaya na mtoto akilia usiku jina lako litatajwa. Bibi yangu alikuwa akiwaambia wachanga wote "kibaya changu", akiwabusu, ili kijicho kipite kando. Mwanamke akitengeneza uso wake tunamwita mrembo, kutokana na kuremba. Na Wamakonde, waliokiremba kile alichotupa Mungu kwa kisu na masizi, mistari yao ikaitwa nembo. Nchi nzima ina nembo yake, ile ya bibi na bwana, ngao na Mlima Kilimanjaro, na hakuna anayeicheka.

Mashindano ya urembo yaliporudi mwaka 1994 baada ya kupigwa marufuku kwa miaka mingi, magazeti yalitafuta maneno mapya kila wiki: mlimbwende, kisura, mnyange. Wazee tulinung'unika vibarazani, ingawa gazeti lilizunguka kwa kila mmoja na lilirudi limekunjika ukurasa uleule. Vijana wa vijiweni nao wana "toto zuri", wanalomrushia msichana apitaye na vitabu vyake. Hapo "zuri" imevalishwa nguo ya vitu vikubwa na vya kudharauliwa, kama jitu na jibwa, na msichana hukaza mwendo. Neno ni lilelile. Nimewakemea mara kadhaa nikitoka dukani. Hunijibu "poa mzee", nami najua watamsalimu hivyo hivyo atakayefuata.

Wapo waliolilipia neno hili kwa ujasiri. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba kule Unguja katika ukoo wa kitumwa, alidhihakiwa waziwazi kwamba hana sura. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, na sauti yake ikasikika pwani yote. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake, uliotoka mwaka 1958, hakuona haja ya kumwombea radhi kwa uso wake. Nilikifundisha kitabu kile. Nilikifundisha vizuri, na wanafunzi wangu walifaulu. Lakini kati ya somo na lango la shule palikuwa na hatua kama 60 hivi, na hatua hizo zilinishinda kwa miaka.

Kwa maana mama yule aliendelea kuuza mihogo pale mpaka binti yake alipomaliza Darasa la Saba, na baada ya hapo akahamia Mbagala. Nilirudi kununua, bila shaka; mihogo yake ilikuwa ya unga. Tulisalimiana kila siku. Alikuwa akiniwekea kipande cha nyongeza, kama alivyowafanyia walimu wote, na kila mara nilitamani aninyime.

Mwaka 2014 nilipata taarifa ya msiba kupitia kwa mwalimu mwenzangu mstaafu. Tukapanda daladala mpaka Mbagala Rangi Tatu, kisha tukaenda kwa miguu. Turubai lilikuwa limefungwa, wanawake wamekaa kwenye mikeka, kwaya ya kigango iko pembeni. Juu ya jeneza palikuwa na picha yake, iliyokuzwa kutoka katika picha ndogo ya kitambulisho, na mpiga picha hakuwa amefuta kitu. Binti, mama wa watu wazima sasa, nywele zimeanza mvi, alinijia kabla sijakaa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Ahsante Mwalimu. Nimeandika wasifu wa mama. Nilikuwa nisome mimi, naona nitashindwa. Naomba unisomee."

Akanipa karatasi mbili zilizokunjwa, zimeandikwa kwa mkono. Mwandiko niliutambua, nilimfundisha mwenyewe kuziegemeza herufi hivyo. Mstari wa kwanza ulitaja mahali alipozaliwa, uwanda wa Mueda. Wa pili ulisema: Mama yetu alikuwa mzuri.

Nilisimama, nikavaa miwani, nikasoma. Nilipofika pale sikupita haraka, wala sikulikazia neno kama mtu anayetaka aonekane. Nililisoma kama lilivyoandikwa. Wazee wawili wa Kimakonde waliokaa mbele, wenye chale zao, wakatikisa vichwa kukubali. Nikaendelea: mwaka aliovuka mto, watoto aliowazaa, wajukuu, karai, lango la shule ambayo iliwasomesha wote.

Tuliporudi makaburini akaniletea maji ya kunawa mwenyewe, asimtume mtoto. Nikanawa. Akanishikia taulo.

"Nilidhani utasahihisha," akasema.

"Kalamu nimeiacha nyumbani."

Akaitazama ilipokuwa imechomekwa, kwenye mfuko wa shati langu, kisha akaenda kuniletea chakula.